Kwa Nini Zimwi Liwe Jeusi?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua ukiona kichwa cha makala haya utadhani nimekuja kukuhadithia hekaya za nyanya za jioni. La hasha! Nimekuja kuzungumza juu ya rangi. Na si rangi ya ukuta wa bwalo, ile ambayo sote twaijua kwa kuwa hutuachia alama kwenye sweta, bali rangi tunayopaka vile visanamu vya mchezo ambavyo baadhi yetu tumekuwa tukivishughulikia kila Jumamosi alasiri katika chumba cha sanaa.

Wapo wanaosema kuwa huo ni mchezo wa watoto. Wapo wanaosema tunapoteza wakati ambao tungeutumia kufanya hesabu. Hao nitawajibu baadaye. Kwanza niuweke wazi msimamo wangu: mtu asikipake kisanamu rangi ambayo hawezi kuieleza sababu yake. Kisanamu kilichopakwa ovyo ni kama insha iliyojaa methali lakini haina kiini. Inapendeza masikioni, lakini msomaji akiimaliza hajui ameambiwa nini. Tena nitasema jambo jingine ambalo kulisema si rahisi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu halikuwa la brashi.

VISANAMU VYENYEWE

Kwa wale ambao hawajawahi kutia mguu katika chumba cha sanaa siku ya Jumamosi, nieleze kidogo. Mjomba wangu anafanya kazi Uingereza. Alipokuja nyumbani likizo aliniletea sanduku la zamani alilolinunua enzi za ujana wake. Akaniambia, "Mpwa wangu, mimi macho yamechoka. Chukua wewe na wenzako." Ndani mlikuwa na majeshi mawili ya plastiki: watu waliovaa deraya, na mazimwi yenye meno yaliyochomoza kama ya ngiri.

Mchezo huo huitwa Warhammer. Kampuni inayoutengeneza ni Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo sasa makao yake yako katika mji wa Nottingham. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1983. Mwaka 1987 ukafuata wa pili, Warhammer 40,000, ambao vita vyake hupiganwa kwenye nyota za mbali katika zama zijazo. Watu wawili hupanga majeshi yao juu ya meza, wakapima mwendo kwa rula na kuamua mapigano kwa kurusha dadu. Wala wazo lenyewe si la jana. Mwandishi wa riwaya H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, Little Wars, mwaka 1913.

Sasa, visanamu hivyo haviji vikiwa vimepakwa rangi. Huja vya kijivu, tena vipande vipande. Wewe mwenyewe unakata, unagundisha, kisha unapaka. Mtu mzima mzima ana urefu wa kama sentimita 3 tu. Ukikaa upande wa pili wa meza huoni macho yake wala tabasamu lake. Unaona nini? Unaona rangi. Ni kama kutazama mpira ukiwa umekaa juu kabisa uwanjani. Huhitaji kuona uso wa mchezaji ndipo ujue ni wa nani. Ukiona kijani unajua huyo ni wa Gor Mahia, na ukiona buluu na nyeupe unajua ni Ingwe. Rangi imekwisha kusema kabla mtu hajafungua kinywa.

RANGI HUZUNGUMZA

Waliobuni mchezo huu walilijua hilo vyema. Katika ule mchezo wa nyotani kuna kikosi cha Ultramarines, ambao huvaa buluu. Blood Angels huvaa nyekundu, nao Imperial Fists huvaa manjano. Lakini wanaonifurahisha mimi ni mazimwi. Hayo yanaamini kabisa kwamba gari lililopakwa rangi nyekundu hukimbia kuliko mengine, basi yakitaka kasi hayagusi injini. Yanatafuta kopo la rangi! Mcheke mpendavyo, lakini tazameni jinsi mtunzi alivyotueleza tabia ya viumbe hao kwa rangi moja tu. Wanapenda kasi, akili kidogo, imani tele. Hapo rangi imefanya kazi ambayo mwandishi angeifanya kwa kurasa mbili.

Wala tusidhani elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Bendera yetu iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963 haina mstari hata mmoja usio na sababu. Nyeusi ni wananchi wenyewe, nyekundu ni damu iliyomwagwa kupigania uhuru, kijani ni ardhi na utajiri wake, na nyeupe ni amani. Nenda pwani uone kanga ya kisutu anayotunzwa bibi arusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, miaka nenda miaka rudi. Mwone mama aliyevaa buibui jeusi akipita katika vichochoro vya Mji wa Kale. Je, kuna mtu anayemwona akafikiri uovu? Hakuna. Anaona stara na heshima.

Na Kiswahili chenyewe je? Hili nililigundua nikiwa natafuta majina ya rangi ili tuyaandike kwenye vichupa vyetu. Rangi ambazo lugha yetu huzipa viambishi vya ngeli ni tatu pekee: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema mtu mweusi, kitu cheusi, jiwe jeusi. Hatusemi mtu "mkijani". Rangi zilizobaki karibu zote tumezipa majina ya vitu. Kijani imetokana na jani. Kijivu imetokana na jivu. Manjano ni kile kiungo cha pilau na mchuzi. Zambarau ni tunda, kahawia imetoka kwenye kahawa, na samawati imetoka mbinguni. Maana yake ni kwamba Mswahili alipoitaja rangi, alitaja na mahali ilikotoka. Kila rangi ina kwao! Hilo somo dogo ndilo lingeniokoa na aibu ninayotaka kuwasimulia.

JUMAMOSI ILE

Tulikuwa watu saba mezani. Watu wa deraya tulikuwa tumekwisha kuwapaka. Nyuso zao tulizipaka rangi kutoka kichupa fulani kilichoandikwa kwamba ni rangi ya ngozi. Ndani mlikuwa na waridi iliyopauka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza: ngozi ya nani? Watu saba tumezunguka meza, hakuna mwenye ngozi kama hiyo, na wote tukachovya brashi tukapaka.

Zamu ya mazimwi ikafika. Kwenye picha ya sanduku yalikuwa ya kijani, lakini kichupa chetu cha kijani kilikuwa kimekauka kama udongo wa Januari. Basi mimi, kwa kiherehere changu, nikasema, "Tuyapake nyeusi tu. Kwani si ndiyo maovu?" Wote wakakubali papo hapo. Hata sekunde moja haikupita.

Miongoni mwetu alikuwamo mwenzetu ambaye tangu Kidato cha Kwanza amebandikwa jina la Makaa. Jina lake halisi si la kuandikwa hapa, na nyinyi nyote mnamjua. Tumemwita hivyo mpaka hata wapishi wanamwita hivyo. Yeye ndiye mwenye mkono mtulivu kutuliko sote. Alilishika zimwi la kwanza, akalipaka kichwa, akalitazama, kisha akasema, "Kwa hivyo hawa ni ndugu zangu?"

Tukacheka. Naye akacheka. Halafu akaisuuza brashi yake taratibu, akaikausha, akairudisha kwenye mkebe na kutoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Sisi tukajidanganya kwamba ana mazoezi ya kwaya.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu wetu. Alipita akaona majeshi yetu yamepangwa juu ya meza, weupe upande huu na weusi upande ule. Hakutukaripia. Aliuliza swali moja tu: "Hawa wabaya, weusi wao wameutoa wapi?" Tukatazamana. Mmoja akasema wameutoa kwenye kichupa. Mwalimu akatikisa kichwa akaenda zake.

Usiku ule baada ya masomo ya jioni nilikwenda kwenye kitanda cha mwenzangu kumwomba radhi. Nilitarajia anifokee. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi sikuudhika kwa sababu ya rangi. Niliudhika kwa sababu hata hamkufikiri. Mngefikiri mkaona nyeusi ndiyo inayofaa, ningepaka pamoja nanyi." Jamani, maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko. Kweli kabisa, hatukufikiri. Rangi ilikuja yenyewe kinywani mwangu kana kwamba ilikuwa imekaa pale miaka yote ikingoja kuitwa.

WANAONIPINGA

Nilipotoa hoja hii katika mkutano wetu wa chama, nilipingwa kwa njia tatu, na ni haki niwajibu.

Wa kwanza walisema, "Ni mchezo tu, usitie siasa." Nami nawauliza: kama ni mchezo tu, mbona mliikubali nyeusi kwa haraka vile? Mambo tunayoyafanya bila kufikiri ndiyo yanayoonyesha yaliyomo ndani. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mtoto anayecheza miaka kumi akijua kuwa mbaya ni mweusi na shujaa ni wa waridi, hiyo mikunjo yake nani ataikunjua?

Wa pili walisema, "Tufuate picha ya sanduku. Wenye mchezo ndio wajuao." Sikatai kwamba picha ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Lakini ukiufuata mchezo wenyewe kwa makini, utakuta mambo ambayo hukuyatarajia. Kuna kikosi kinachoitwa Salamanders. Askari wake wana ngozi nyeusi tititi kama masizi na macho mekundu yanayong'aa. Ukikutana nao gizani utapiga mayowe. Kumbe hao ndio wanaosifika kwa kuwahurumia raia wa kawaida na kuwalinda! Aliyewabuni aliichukua rangi ya kutisha akaitia utu ndani yake. Basi hata wenye mchezo wanajua kwamba rangi ni ya kufikiriwa.

Wa tatu ndio walionitoa jasho. Walisema, "Nyeusi ya zimwi si ya watu. Ni ya giza. Kila binadamu huogopa giza, hata babu zetu." Hapo nakiri wana hoja. Usiku una fisi na wezi, na mazimwi ya hadithi zetu pia hutoka usiku. Sisemi kamwe kwamba zimwi lisipakwe rangi nyeusi. Nikisema hivyo nitakuwa nimeiweka sheria mahali pa fikira, na hilo ni kosa lile lile langu, ila limevaa kanzu nyingine. Ninachosema ni kwamba kama ni nyeusi ya usiku, basi tuone usiku. Tia buluu kidogo kwenye kingo, tia mbalamwezi kwenye upanga. Kama ni nyeusi ya masizi ya pangoni, tuone na moto uliotoa masizi hayo. Lakini nyeusi iliyomwagwa kwa kuwa "si ndiyo maovu?" haina kwao.

Na sisi wapenda Kiswahili tusijifanye hatumo. Mara ngapi tunaandika katika insha "soko jeusi", tafsiri ya neno la wengine, ilhali lugha yetu ina neno safi, magendo? Tunabeba mizigo ya watu hata bila kuulizwa tunaipeleka wapi.

BASI TUFANYEJE?

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu. Kutokana na makosa yetu ya muhula mzima, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kabla hujafungua kichupa, jiulize: hawa wanaishi wapi, wanakula nini, wanamwogopa nani? Mtu wa nyikani nguo zake zimepigwa na jua na vumbi. Mvuvi ana chumvi na matope. Ukishajua kwao, rangi huja yenyewe, na safari hii inakuja na sababu yake.

Pili, usizidishe. Rangi tatu zinatosha: moja kubwa inayofunika sehemu nyingi, ya pili ya kuisaidia, na ya tatu kidogo sana ya kulivuta jicho. Hiyo ya tatu mara nyingi huwa ile inayokabiliana na ya kwanza katika duara la rangi: nyekundu na kijani, buluu na rangi ya machungwa, manjano na zambarau. Iweke pale unapotaka mtu atazame, kama usoni au kwenye ngao. Ukiiweka kila mahali jicho halijui liende wapi, na kisanamu kinageuka matatu ya mtaani.

Tatu, fikiria rangi ya msingi inayopakwa mwanzo kabla ya zote. Msingi mweupe huzifanya rangi za juu zing'ae. Msingi mweusi huacha vivuli katika mikunjo, hata sehemu ambazo brashi haikufika zinaonekana kama zimekusudiwa. Ukitaka manjano, usianzie kwenye nyeusi, utapaka mpaka kengele ya chakula ilie na bado haijafunika. Kisha changanya rangi na maji kidogo, upake mara mbili nyepesi badala ya mara moja nzito. Haraka haraka haina baraka. Rangi nzito huzika macho na vidole vyote.

Nne, na hili alitufundisha yule yule mwenzetu: nyeusi tupu na nyeupe tupu ndizo ngumu kuliko zote. Ukipaka nyeusi tupu, mikunjo yote hupotea na kisanamu huwa kama donge. Lazima uiongeze buluu ikiwa unataka nyeusi ya baridi, au kahawia ikiwa unataka nyeusi yenye joto. Nyeupe nayo huanza na kijivu au rangi ya maziwa, kisha nyeupe yenyewe huguswa tu kwenye ncha za juu. Mchoraji stadi hapaki kitu kikawa cheusi kabisa wala cheupe kabisa. Kitu cha namna hiyo hakipo duniani, na aliyekaa na watu anajua.

MWISHO WA YOTE

Yule mwenzetu alirudi. Tuliyafuta mazimwi tukaanza upya. Tulikubaliana kwamba yametoka katika msitu walioukata na kuuchoma wenyewe mpaka hawana pa kuishi, na ndiyo sababu wanavamia vya wenzao. Basi tukayapaka rangi ya jivu, na machoni na kwenye makali ya mapanga tukatia machungwa ya kaa linalofukuta. Mtu akiyaona sasa anajua mara moja ubaya wao uko wapi. Uko katika walichokitenda.

Nahodha wa watu wa deraya alipewa yeye. Hakugusa kile kichupa cha "rangi ya ngozi". Alichanganya kahawia na nyekundu kidogo juu ya kigae, akalinganisha na mgongo wa mkono wake, akaongeza buluu chembe moja kwa ajili ya vivuli. Joho alilipaka jeusi, na upindo wake akaupitisha mstari mwembamba wa buluu, unaometa kama buibui la sikukuu. Nahodha huyo yuko katika kabati la kioo karibu na maktaba. Nendeni mkamwone.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa chama. Katika maonyesho yetu yajayo, kila kisanamu na kiwe na kadi ndogo yenye sentensi tatu za Kiswahili sanifu zinazoeleza rangi zake na sababu zake. Asiyeweza kuandika sentensi hizo bado hajamaliza kupaka. La pili ni kwenu nyote, kuanzia Kidato cha Pili hadi cha Nne. Yule mwenzetu ana jina. Mama yake alimpa, na liko kwenye daftari la mahudhurio. Mimi nimeanza kumwita kwa jina hilo, na siku ya kwanza aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine anayeitwa. Sitaki ageuke tena.

Wino umeniishia, ndugu msomaji. Jumamosi saa nane, chumba cha sanaa. Brashi zipo, rangi zipo. Njoo na sababu zako.